Hasara ya milioni hamsini si hasara ya milioni sitini

Fungua Lua, lugha ndogo ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yako uandike mistari hii:

x = -50000000
print(math.log(x + math.sqrt(x*x + 1)))

Jibu litakuwa -18.714973875119. Sasa ondoa -50000000, weka -60000000. Jibu ni -18.714973875119, tarakimu zote zilezile. Weka -70000000 na utapata -inf. Yaani kwa kompyuta, aliyepata hasara ya milioni hamsini na aliyepata ya milioni sitini wako sawa, na wa milioni sabini hasara yake haina mwisho.

Fomula iliyomo kwenye mistari hiyo haina kosa. Ni ile ile ya Hesabu ya kidato cha tano na sita, niliyoifundisha miaka mingi hapa Nyanda za Juu Kusini, na leo ningesimama ubaoni niithibitishe tena bila kubadilisha herufi:

asinh(x) = ln(x + √(x² + 1))

Aliyesoma PCM au EGM, michepuo yenye Hesabu ya juu, anakumbuka njia yake. Unaanza na x = (e^y − e^−y)/2, yaani sinh ya y, ambayo asinh ni kinyume chake, unazidisha pande zote kwa e^y, unapata mlinganyo wa kwadratiki, unachagua jibu lililo chanya, unachukua logi asilia, umemaliza. Ni kweli kwa kila namba halisi, iwe chanya, hasi au sifuri. Ila kweli ya ubaoni inadhani namba zina tarakimu zisizoisha, na kompyuta hazina hizo. Ukiichukua fomula kama ilivyo ukaiita programu, inavunjika upande mmoja tu, nao ni upande wa hasi. Kwenye vitabu vya ushirika, upande wa hasi ndiko waliko watu ambao taarifa inapaswa kuwaangalia kwa makini kuliko wengine wote.

Nieleze kwanza asinh inatafuta nini kwenye hesabu za kahawa.

Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS kama tunavyoviita, havilingani ukubwa. Kimoja kinafunga msimu na ziada ya laki chache. Cha jirani kina mtambo wa kumenya kahawa, mkopo wa benki na wanachama wa vijiji kadhaa, na ziada yake inahesabiwa kwa mamia ya milioni. Ukiviweka kwenye grafu moja ya kawaida, vile vidogo vyote vinalundikana kwenye sifuri, huoni kitu. Dawa ya siku zote ni kuchukua logi, kwa sababu logi inavuta vikubwa chini na kuvipa vidogo nafasi. Lakini logi haipokei sifuri, wala haipokei hasi. Kwa hiyo chama kilichotoka sare hakina pa kukaa kwenye grafu, na kilichopata hasara hakina kabisa. Nimeona taarifa ambazo vyama vya namna hiyo viliondolewa kwenye mchoro ili mchoro upendeze. Jambo hilo linaniuma. Mwanachama aliyeleta kahawa yake na hajalipwa malipo ya pili ndiye anayehitaji zaidi kuonekana.

Asinh inaondoa tatizo hilo. Karibu na sifuri inafanana na x yenyewe, na mbali na sifuri inafuata ln(2|x|) ikiwa na alama ya x. Sifuri inabaki sifuri, faida inakwenda juu, hasara inakwenda chini kwa kipimo kilekile. Wanatakwimu wanaijua kazi hii siku nyingi. N. L. Johnson aliiingiza kwenye mfumo wake wa mgawanyo wa takwimu mwaka 1949, na mwaka 1988 John Burbidge, Lonnie Magee na Leslie Robb waliandika juu ya kuitumia badala ya logi kwa data za kiuchumi zenye sifuri na hasi. Wanaanga nao waliichukua mwaka 1999 kupimia mwangaza wa nyota hafifu, kwa kuwa ukishaondoa mwanga wa anga kwenye picha, nyota hafifu inaweza kubaki na kipimo hasi.

Rafiki yangu mmoja ni mhasibu anayesaidia vyama kadhaa vya upande wa Mbozi na Rungwe. Programu anayotolea taarifa aliikuta tayari, imeandikwa kwa Lua. Lua ni lugha nyepesi, inakaa hata kwenye kompyuta ya zamani, na ninaipenda, ila maktaba yake ya hesabu, yaani mkusanyiko wa fanksheni inazokuja nazo, ni ndogo kwa makusudi. Matoleo ya 5.1 na 5.2 yalikuwa na sinh, cosh na tanh. Kuanzia 5.3 hizo nazo ziliwekwa pembeni. Asinh haikuwahi kuwemo. Aliyeandika programu alichukua fomula ya kitabu, na upande wa faida ikafanya kazi vizuri.

Siku moja mhasibu akanitumia grafu kwa simu na ujumbe mfupi: "Dada, mbona nukta za hasara zimejipanga kama matuta?" Nikaangalia. Juu ya sifuri nukta zilitawanyika kama data ya kweli inavyotawanyika. Chini ya sifuri, kadiri hasara ilivyokua, nukta zilikaa kwenye mistari ya mlalo, na kati ya mstari na mstari hapakuwa na kitu. Vyama viwili vya mwisho havikuchorwa kabisa. (Namba zote ninazotumia kwenye andiko hili ni mviringo, nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano. Vitabu vya chama cha watu si vya kuanikwa hapa.)

Sababu ya matuta yale ni nzuri kuijua, na inahesabika kwa mkono.

Lua, kama lugha nyingi, inatunza namba ya desimali kwa biti 53 za tarakimu, sawa na tarakimu 15 au 16 za kwetu. Maana yake namba hazikai kwa mfululizo. Kila moja ina jirani, na kati ya majirani hakuna kitu. Kwa namba zilizo kati ya 33,554,432 na 67,108,864, yaani 2²⁵ na 2²⁶, umbali wa jirani hadi jirani ni 2⁻²⁷, karibu 0.00000000745. Tuuite hatua moja.

Sasa chukua hasara ya milioni hamsini. Kipeuo cha pili cha x² + 1 kinazidi milioni hamsini kwa kiasi cha 1/(2 × 50,000,000), yaani 0.00000001. Hiyo ni hatua 1.34. Kompyuta haina hatua na theluthi, kwa hiyo inachagua hatua moja. Kwa milioni sitini ziada ni hatua 1.12, inachagua moja vilevile. Kisha fomula inajumlisha x, ambayo ni hasi, na hivyo inaitoa ile milioni hamsini au sitini yote. Kinachobaki ni hatua moja tupu, na logi ya 2⁻²⁷ ni -18.714973875119. Ndiyo namba uliyoiona mwanzoni. Kwa hakika ni jibu sahihi la hasara ya 67,108,864. Kila chama chenye hasara kati ya takriban milioni 44.7 na milioni 67.1 kinapewa hasara hiyo moja.

Kwa milioni arobaini ziada ni hatua 1.68, inakuwa mbili, ndilo tuta linalofuata. Ukishuka chini ya 33,554,432 hatua zinakuwa fupi zaidi na matuta yanaongezeka idadi na kusogeleana, mpaka jicho linashindwa kuyatofautisha. Kosa bado lipo, ila limekuwa dogo. Ukipanda, kuanzia 67,108,864 hatua inakuwa ndefu mara mbili na ziada haifiki hata nusu yake. Kipeuo kinakuwa sawasawa na x, jumla inakuwa sifuri, na logi ya sifuri ni -inf. Programu ya grafu haijui pa kuweka nukta ya -inf, inaiacha. Ndiyo maana vyama viwili vilipotea.

Upande wa faida, x na kipeuo vyote ni chanya na vinajumlishwa. Jumla ni milioni mia moja na ushee, na tarakimu iliyopotea kwenye sehemu ya bilioni haimgusi mtu. Fomula ni hiyo hiyo na mashine ni hiyo hiyo, ila kujumlisha ni salama, na kutoa namba mbili zinazokaribiana kunafuta tarakimu za mbele zilizokuwa na maana na kukuachia za nyuma ambazo ni takataka za ukadiriaji. Kwa hiyo mtu anayepima programu kwa namba za faida atasema imefaulu, na atakuwa mkweli.

Nitoke nje ya mada kidogo. Upande wa hasi unatuhusu Watanzania hata nje ya vitabu vya hasara. Ramani za simu zinachorwa kwa njia iliyotokana na ile ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, na kimo cha mahali kwenye ramani hiyo ni asinh(tan φ), φ ikiwa latitudo. Nchi yetu yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kila φ ni hasi. Jiji la Mbeya liko karibu na nyuzi -8.9, tan yake ni -0.1566 na asinh yake -0.1560. Kwa biti 53 hakuna atakayeona tofauti. Lakini kwenye kifaa kidogo kinachohesabu kwa namba za biti 32, ukadiriaji wa fomula ya kitabu unaweza kukusogeza karibu mita moja, wakati namba yenyewe ya biti 32 inatosha kukuweka ndani ya sentimita chache. Mita moja kwenye mpaka wa shamba si jambo la kupuuza.

Turudi. Tiba ya kwanza inaonekana wazi kwa anayeijua asinh: ni fanksheni witiri, asinh(−x) = −asinh(x). Basi ondoa alama, hesabu kwa |x|, kisha rudisha alama. Mhasibu alipoifanya hiyo, matuta yakafutika na vyama viwili vikarudi kwenye grafu. Angeishia hapo ningeelewa. Lakini nilimwomba aniachie faili, kwa sababu fomula ile ina udhaifu mwingine upande wa namba ndogo, na fanksheni iliyo kwenye maktaba haiwezi kuchagua nani ataiita kesho na kwa namba gani.

Chukua x = 10⁻¹⁰. Jibu sahihi la asinh, kwa tarakimu zote tunazoweza kuandika, ni 10⁻¹⁰ yenyewe. Fomula ya kitabu inakupa 1.0000000827 × 10⁻¹⁰. Kosa limeingia kabla logi haijaguswa. Kujumlisha 1 na 10⁻¹⁰ kunailazimisha namba ndogo ikae kwenye foleni ya majirani wa 1, na majirani wa 1 wako mbalimbali kwa kipimo chake. Ukishuka hadi 10⁻¹⁷, 1 + x ni 1 kamili na logi inatoa sifuri.

Kwa hili kuna fanksheni iitwayo log1p, inayohesabu ln(1 + x) bila kuipoteza x. Lugha ya C ilizipata rasmi log1p, asinh, acosh na atanh kwenye kiwango chake cha 1999. Lua haina. Lakini kuna hila ya mistari mitatu inayohusishwa na William Kahan, yule profesa wa Berkeley aliyeongoza kazi ya kiwango cha IEEE 754 cha 1985, ambacho namba za desimali za kompyuta zetu zinakifuata, na akapewa tuzo ya Turing mwaka 1989. Hila ni hii:

local function log1p(x)
  local u = 1 + x
  if u == 1 or u == math.huge then return x end
  return math.log(u) * x / (u - 1)
end

Kila nikiisoma naipenda upya. Ukiitazama kwa macho ya ubaoni, u − 1 ni x, kwa hiyo unazidisha kwa x na kugawanya kwa x, kazi bure. Kwa macho ya mashine si kazi bure hata kidogo. Hapo u si 1 + x. Ni jirani aliye karibu na 1 + x, na u − 1 inakwambia kwa usahihi kamili jirani huyo yuko wapi. Uwiano wa log(u) kwa (u − 1) ni kitu kinachobadilika polepole sana karibu na 1, hivyo ukiupima kwa jirani badala ya mwenye nyumba hupotezi kitu. Kisha unauzidisha kwa x ya kweli, ambayo haikuwahi kuharibiwa. Kosa la juu na kosa la chini ni kosa moja, linafutana. David Goldberg aliandika uthibitisho wake mwaka 1991 na kuonyesha kosa linabaki ndani ya mipaka midogo sana, mradi logi yenyewe iwe nzuri. Sharti la math.huge nimeliongeza mimi, kwa sababu bila hilo x isiyo na mwisho ingeleta nan, alama ya kompyuta ya "si namba".

Ukiwa na log1p, asinh inaandikwa upya ili 1 ijitenge na iliyobaki. Kwa x isiyo hasi, x + √(x² + 1) ni 1 + [x + x²/(1 + √(x² + 1))]. Thibitisha mwenyewe kwenye karatasi, ni mistari miwili. Ndani ya mabano hakuna kutoa popote, ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya namba chanya. Njia hii ndiyo iliyomo kwenye fdlibm, maktaba huria iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1993, ambayo maktaba nyingi za C zimeirithi hadi leo.

Namba kubwa nazo zina shida yao. x² inavuka uwezo wa namba hizi za desimali pale x inapopita takriban 1.34 × 10¹⁵⁴. Hakuna chama chenye fedha hizo, lakini ni rahisi kuziba: x ikipita 2²⁸, yaani 268,435,456, ile 1 iliyo chini ya kipeuo haina athari inayoweza kuandikwa, kwa hiyo asinh ni ln(x) + ln 2 na hakuna haja ya mraba wowote.

local LN2 = 0.69314718055994531

local function asinh(x)
  x = x * 1.0
  if x == 0 then return x end
  local a, y = math.abs(x), nil
  if a > 2^28 then
    y = math.log(a) + LN2
  else
    local s = a * a
    y = log1p(a + s / (1 + math.sqrt(s + 1)))
  end
  if x < 0 then return -y end
  return y
end

Mstari wa x * 1.0 una sababu. Tangu toleo la 5.3 Lua ina namba kamili za biti 64 pembeni ya za desimali, na mzidisho wa namba kamili ukijaa haukupi onyo, unazunguka na kuanzia upande wa pili. Mtu akiingiza -4000000000 bila nukta, yaani bilioni nne hasi, x*x inatoka hasi, kipeuo chake ni nan, na nan inasafiri kimya hadi mwisho wa taarifa. Kuibadilisha x kuwa desimali mlangoni kunazuia hilo kwa kila atakayegusa msimbo baadaye. Na ni kuzidisha kwa 1.0, si kujumlisha 0.0. Kompyuta ina sifuri chanya na sifuri hasi, na sifuri hasi ukiijumlisha na 0.0 inakuwa chanya. Mstari unaofuata unairudisha sifuri jinsi ilivyoingia, na alama yake. Kwa hesabu za kahawa haina uzito. Kwa atakayeitumia maktaba kwenye namba changamano, alama ya sifuri ndiyo inayoamua uko upande gani wa mkato, yaani mstari ambapo jibu la fanksheni linaruka, na Kahan aliandika makala nzima juu ya hilo mwaka 1987.

Kupima ni sehemu niliyoikalia muda mrefu kuliko kuandika. Kipimo cha kwenda na kurudi, yaani sinh ya asinh kisha kulinganisha na ulichoanza nacho, kinavutia lakini kinadanganya. Kosa dogo la halali kwenye 18.42 linakuzwa na sinh, na unaweza kuitilia shaka fanksheni iliyo nzima. Njia bora ni jedwali la majibu yaliyohesabiwa kwa tarakimu nyingi kuliko za mashine. Hakuna haja ya programu ya kununua. Kwenye Linux kuna kikokotoo kiitwacho bc, kifungue kwa kuandika bc -l:

scale=50
x=-50000000
l(x+sqrt(x^2+1))

Inatoka -18.420680743952 na tarakimu zake nyingine. Fomula ni ile ile ya kitabu, bila hila yoyote, na hapa inafanya kazi, kwa sababu kwa desimali 50 kutoa kunakula nane za mbele na kuna nyingi zinazobaki. Kwa milioni sitini hasi ni -18.603002300746. Tofauti ya hizo mbili ni 0.1823, ambayo ni ln(60/50), kama inavyopaswa kuwa. Jedwali langu lina kila namba chanya na hasi yake, namba zilizo pembeni kabisa ya 2²⁸ pande zote mbili, sifuri zote mbili, ndogo sana, kubwa sana, na zisizo na mwisho.

Acosh na atanh, kinyume cha cosh na tanh, sitazikalia. Atanh inatumika kwa mhasibu yule yule, maana ndiyo badiliko la mwanatakwimu R. A. Fisher la mgawo wa uwiano (correlation): 0.5 inakuwa 0.5493, 0.9 inakuwa 1.4722, na baada ya hapo unaweza kulinganisha uwiano wa mvua na mavuno wa wilaya mbili kwa haki. Inaandikwa nusu ya log1p(2x/(1 − x)) kwa x chanya, alama inarudishwa mwishoni kama kwa asinh. Acosh inaandikwa log1p(t + √(2t + t²)), t ikiwa x − 1, mpaka x kubwa ambako ln 2 inarudi. Ila kwa acosh nataka niseme jambo moja ili mtu asihangaike bure. Mpe 1.000000000001 na utarajie 1.4142136 × 10⁻⁶. Utapata 1.4142764 × 10⁻⁶. Fanksheni haijakosea. Namba uliyoandika ndiyo haikuingia mashine kama ulivyoiandika, maana jirani wa karibu wa 1.000000000001 ni 1.0000000000010000889, na acosh karibu na 1 inakuza kila tofauti ya namna hiyo. Kama unayo t yenyewe, usiijumlishe na 1 kwanza. Ndiyo maana maktaba yangu ina fanksheni ya pili inayopokea t moja kwa moja.

Mhasibu alipopokea faili akaandika "Ndaga fijo, dada," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza swali zuri: "Si tungegawanya tu zote kwa elfu, matatizo yakaisha?" Nikamjibu kwa simu, maana kuandika kungechukua usiku. Ukigawanya kwa elfu, milioni hamsini hasi inakuwa elfu hamsini hasi, na fomula ya zamani inakosea kwenye desimali ya saba tu. Matuta hayaonekani. Yamo, na siku mtu akileta takwimu za mkoa mzima kwa shilingi yatarudi, bila mtu kukumbuka yalitokea wapi. Kwa hiyo kugawanya si tiba ya kosa hilo.

Lakini swali lake lina upande mwingine ambao msimbo hauwezi kuujibu. Hasara ya milioni hamsini kwa shilingi ni -18.42, na kwa maelfu ya shilingi ni -11.51. Umbali kati ya milioni hamsini na sitini unabaki 0.1823 kwa vipimo vyote viwili, ila umbali kutoka kwa chama kilichotoka sare hadi chama chenye hasara umebadilika sana. Ukichora kwa shilingi, sifuri na hasara ya laki moja ziko mbali, kana kwamba ni dunia mbili. Ukichora kwa mamilioni, zinakaribia kugusana. Watafiti wa uchumi wameandika maonyo juu ya hili miaka ya karibuni, na wana haki. Kipimo ni uamuzi wa anayewajua wakulima, siyo wa aliyeandika maktaba.

Tulikubaliana maelfu, kwa hoja yake na siyo yangu: kwa vyama anavyovijua yeye, elfu moja ni kiasi ambacho chini yake hakuna mwanachama atakayeitisha mkutano. Kichwa cha safu kwenye taarifa sasa kinasomeka "asinh ya ziada au hasara, kwa maelfu ya shilingi". Nimemwomba maneno manne ya mwisho yasiondolewe hata taarifa ikibanwa iingie kwenye ukurasa mmoja.